Ukiandikiwa kolaitisi, uliza ya nini

Tangu watu wajue naumwa utumbo basi mwenzenu nimegeuka ofisi ya ushauri. Kila baada ya siku chache WhatsApp inalia, nafungua nakuta picha ya cheti cha hospitali imepigwa kiubavu ubavu, mwandiko wa daktari ndo ule mnaoujua, chini kabisa pameandikwa kolaitisi, na ujumbe unasema "mama Nasra hii si ndo kama yako, we unatumia dawa gani nikanunue?" Jibu langu linawaudhi wengi, maana huwa nawajibu kwa swali: kolaitisi ya nini?

Sio kwamba najifanya dokta, mi nauza vitenge Kariakoo. Ila hili neno nimeishi nalo muda mrefu na nimegundua watu wanalipokea wakidhani wameshaambiwa ugonjwa, kumbe wameambiwa mahali na hali. Mahali ni utumbo mpana, ule wa mwisho wenye urefu wa kama mita moja na nusu unaofyonza maji kabla choo hakijatoka. Hali ni kwamba ngozi yake ya ndani imevimba, imekuwa nyekundu, inauma na pengine inavuja damu. Basi, neno limeishia hapo, nani kafanya hivyo halijasema. Ni sawa na upeleke gari kwa fundi pale Gerezani akuambie "injini inachemsha", kweli inachemsha, ila kama maji yameisha, feni imekufa au gasketi imeungua bado hajakwambia, na ukimlipa ukaondoka hapo hapo utajikuta Chalinze umepaki pembeni unapiga simu.

Na wanaolisababisha hilo neno ni wengi kweli. Kuna bakteria wa kuhara damu, shigela na wenzake. Kuna amiba. Kuna kichocho cha tumbo kwa ndugu zetu waliokulia ziwani. Kuna kifua kikuu, ndio, TB inakaa hadi kwenye utumbo. Kuna bakteria mmoja anaitwa difisile ambaye anachanua pale antibayotiki zinapoua bakteria wazuri. Kuna wazee ambao damu haifiki vizuri kwenye utumbo. Kuna waliochomwa mionzi ya saratani ya kizazi. Alafu ndo kuna sisi ambao kinga ya mwili imeamua tu kupigana na utumbo wake yenyewe bila mtu kuiomba, huko ndo kwenye alsaretivu kolaitisi na ugonjwa wa Crohn, yote mawili yanaitwa IBD. Wote hao karatasi zao zinaweza kuandikwa neno lile lile na dawa zao hazifanani kabisa, nyingine zinagombana.

Yangu ilianza kipindi biashara imechangamka, karibu na Idi. Fremu yangu iko juu ghorofani, choo kiko chini na mlangoni anakaa kijana wa kukusanya hela. Hii kitu haikupi notisi. Mteja ameshika pea mbili za kitenge, yuko kwenye kukubembeleza umpunguzie, ghafla tumbo linakaba chini na unajua kabisa una dakika moja au huna, unamwambia jirani "shoga niangalizie" unashuka ngazi unakimbia huku unajifanya hukimbii. Ukifika unatoa kidogo sana. Na hapo ndo mateso yalipo, unamaliza lakini mwili unakwambia bado, unakaa tena, kinatoka kijiko kimoja cha kamasi na damu, unanyanyuka, unavaa, unafika nusu ya ngazi, unarudi. Yule kijana wa mlangoni alifika mahali akaacha kunidai, ananiangalia tu ananipa pole.

Sasa hapa Dar tunajuana, ukiharisha una amiba, ukipata homa una taifodi, ukichoka una UTI. Nikaenda duka la dawa, nikapewa antibayotiki, Flagyl na sipro. Nikapata nafuu siku kadhaa, ikarudi. Nikaenda zahanati moja jirani na nyumbani, wakapima choo wakaandika amiba na alama za kujumlisha mbili, Flagyl tena. Nafuu, ikarudi. Wifi yangu akasema hiyo ni bawasiri maana damu ni mbichi, akanitafutia dawa ya kidumu, ile inayotibu bawasiri, ngiri, chango na nguvu za kiume kwa pamoja, mi nguvu za kiume nazipeleka wapi. Nguo zikaanza kunipwaya, nikipanda ngazi za fremu moyo unadunda mpaka kwenye masikio, na sokoni maneno yakaanza, unajua mtu akikonda Kariakoo hakondi hivi hivi, "mama Nasra kaungua yule", yaani nina ukimwi. Waliniambia wenyewe baadae tulipokuja kucheka.

Hilo la amiba nataka niliseme vizuri maana linawapoteza wengi, na sio kwamba watu wa maabara wanadanganya. Amiba anayeleta ugonjwa ana pacha wake asiye na madhara yoyote, na kwenye hadubini wanafanana kabisa, hadi mwaka 1993 ndo wakakubaliana rasmi kwamba ni viumbe wawili tofauti. Kwa hiyo mtu anaweza kuonekana ana mayai ya amiba kwenye choo na wala sio yanayomuumiza. Mpimaji akimkuta amiba mwenyewe anatembea na tumboni mwake kameza chembe nyekundu za damu, hapo sawa, huyo ndo mhalifu. Ila karatasi ikisema amiba tu na wewe umeshameza Flagyl mara tatu na damu inarudi, acha kununua Flagyl ya nne, omba kuonana na mtu wa magonjwa ya ndani.

Ndo nilivyofanya, kwa kulazimishwa na mume wangu. Nikamkuta mama mmoja mtu mzima, mpole, nikamwamkia shikamoo dokta, marahaba mwanangu, akaweka kalamu chini na kuanza kuuliza. Hakuanza na tumbo linauma wapi. Alianza na "usiku unaamka kwenda chooni?" Nikamwambia naamka, tena zaidi ya mara moja. Akaandika. "Umepungua kilo? Jointi zinauma? Macho yanawasha yanakuwa mekundu? Mdomoni vidonda? Hivi karibuni ulikunywa antibayotiki za kitu kingine? Umewahi kuishi Mwanza, Mara, Ukerewe, ukaogelea ziwani? Kuna mtu nyumbani anakohoa muda mrefu? Dawa gani za maumivu unatumia?" Lile la kuamka usiku nilimuuliza kwa nini, akanambia kuna tatizo lingine linaitwa IBS ambapo utumbo hauna kidonda wala hauvimbi ila mwendo wake na hisia zake zimevurugika, yule mtu anateseka kweli ila mara nyingi akilala tumbo linalala naye. Likianza kukuamsha, ukitoa damu, ukikonda, ukipungukiwa damu, ukiwa na homa, hapo usikubali mtu akuambie ni stresi tu.

Na hapa kuna mchanganyo mwingine, kwa sababu zamani hiyo IBS nayo iliitwa kolaitisi, walikuwa wanasema kolaitisi ya mkakamao, na kuna madaktari wa zamani wanaliandika mpaka leo. Kuna kijana mmoja jirani yangu wa dukani alinijia kwa hofu na cheti kina neno hilo, keshasoma mtandaoni kuhusu kukatwa utumbo, halali. Kumbe vipimo vyake vyote safi, choo hakina damu, kilo hazijapungua, tumbo linajaa gesi akila maharage na akiwa na deni. Herufi moja tu kati ya IBS na IBD na mtu anaandika wosia.

Basi dokta wangu akaandika kwenye cheti neno lile lile, kolaitisi, lakini mbele yake akaweka alama ya kuuliza. Niliipenda ile alama kuliko majibu yote niliyopewa kabla. Akaagiza choo kipimwe tena kibichi, yaani utoe hapo hapo maabara wakiangalie kikiwa cha moto, sio ubebe kwenye kopo kutoka Mbagala kwenye foleni kifike kimekufa. Akaagiza kioteshwe kutafuta bakteria. Damu, wingi wa damu, VVU, homa ya ini, picha ya kifua. Akanambia kuna kipimo kingine cha choo kinaitwa kalprotektini, ni protini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu zikijazana kwenye utumbo, ikiwa juu ujue kuna moto kweli ndani, ikiwa chini kabisa basi uwezekano wa IBD unapungua sana. Na chenyewe hakikuambii moto umewashwa na nani. Nilianza kuona dawa ya huyu mama ni kuuliza swali moja mara nyingi.

Mume wangu hakuipenda. Yeye alikuwa ameshagugo, akaona stiroidi zinazima huo ugonjwa haraka, akamwambia dokta "si umpe tu hizo apumzike". Yule mama akamjibu taratibu, "baba, nikimpa stiroidi kabla sijamtoa amiba naweza kumuua". Maana stiroidi zinalaza kinga, na kama aliyeko mle ndani ni mdudu basi umemfungulia geti, utumbo unaweza kujaa ukatanuka na hata kutoboka. TB nayo vile vile, ukilaza kinga inaamka. Na kuna minyoo fulani wadogo, strongiloidi, wanaokaa mwilini miaka bila kelele, ukipiga stiroidi wanasambaa mwili mzima. Kwa hiyo kwa sisi tunaoishi huku wadudu waliko, kujua kolaitisi ya nini ni jambo la kufa na kupona, halafu dawa ambayo kwa mwenzako ni mkombozi kwako inaweza kuwa jeneza. Ndo maana hamtanisikia namtajia mtu dozi yangu kwenye WhatsApp hata aninunie.

Kipimo cha kamera sasa, maana ndo mnachokiogopa. Siku moja kabla unakula vitu vya maji maji tu, chai ya rangi, supu iliyochujwa, juisi isiyo na makapi, na soda nyekundu ni marufuku maana ndani inafanana na damu. Jioni unachanganya unga wa dawa kwenye jagi la maji na unakunywa wote, ladha ni chumvi ya mawe na limao la uongo, alafu hutoki chooni. Kwa mtu mwenye ugonjwa wetu wala sio jambo geni, nilikuwa nimeshazoea kuhamia huko na simu na chaja. Kesho yake nikachomwa dawa ya kusinzia ila sikusinzia vizuri, nikawa naona skrini.

Hiki nitawaeleza kwa sababu nilikiona mwenyewe. Utumbo usioumwa una rangi ya waridi inayong'aa, yenye unyevu, na mishipa midogo midogo ya damu unaiona inapita chini ya ngozi. Kwangu kuanzia mlangoni hapakuwa na mshipa hata mmoja unaoonekana, pote pekundu, pamechubuka, pana usaha mweupe sehemu sehemu, na mrija ukigusa tu damu inachuruzika. Ikaendelea hivyo hivyo bila kuruka hata kidogo kupanda upande wa kushoto mpaka karibu na kona ya wengu, alafu ghafla, kama mtu kapiga mstari, ngozi nzima safi. Dokta akawa ananionyesha, "unaona haijaruka?" Kumbe hiyo ni moja ya dalili zinazowaongoza. Alsaretivu inaanzia chini na kupanda mfululizo, inakaa kwenye utumbo mpana tu na haiendi kina kirefu. Crohn inaweza kutokea popote kuanzia mdomoni, inaruka ruka, hapa pagonjwa pale pazima, na inachimba ukuta wote wa utumbo. Na Crohn na TB ya utumbo zinapenda kona ile ile, pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana, chini kulia, ndo maana huku kwetu madaktari wanaumiza kichwa sana kuzitofautisha. Wakakata vinyama vingi vidogo, hata pale palipoonekana pazima, vikaenda patholojia. Vinyama havikuuma, niliposikia "tunakata" nilikaza mwili bure.

Majibu yaliporudi ndo neno langu likapata mkia: alsaretivu kolaitisi ya upande wa kushoto. Kama ingeishia pale chini mwisho tu wangeita proktaitisi, na kama ingezunguka utumbo wote mpana ingekuwa pankolaitisi. Usidhani ni mbwembwe za kitabibu, kwa sababu huo mkia ndo unaoamua dawa unameza tu au unaweka na kwa chini, na unaamua utafuatiliwa vipi miaka ijayo.

Nyumbani nako kukawa na kesi yake. Dokta alipowaeleza alisema kuna uvimbe na vidonda kwenye utumbo. Mama yangu aliposikia uvimbe akasikia saratani, akaanza kulia pale pale kwenye benchi. Wifi aliposikia vidonda akasikia vidonda vya tumbo, akasema ah hivyo si vya kawaida, hata mimi ninavyo, jioni akaniletea juisi ya kabichi na omeprazo zake. Ikabidi tukae chini tena. Vidonda vya tumbo tunavyovijua viko juu, kwenye mfuko wa chakula na pale unapoanzia utumbo mwembamba, vina bakteria wake na asidi yake. Vyangu viko chini kabisa na asidi haihusiki, kwa hiyo omeprazo kwenye huu ugonjwa wangu haina inachofanya. Mama nilimwambia huku ndani kumevimba kama jipu linavyovimba, hakuna kitu kinachoota. Akanyamaza, alafu akauliza, sasa litatumbuka lini. Nikakosa jibu, maana halitumbuki, ugonjwa huu unalala na kuamka, hauishi.

Prediniso, ndo zile stiroidi, zilinipa maisha na zikaninyang'anya sura. Ndani ya siku chache damu ikakatika, nikalala usiku mzima, nikaamka nikalia. Alafu njaa ikaja, njaa ya ajabu, saa nane usiku nipo jikoni nakula kiporo cha wali na maharage nimesimama, uso ukavimba ukawa duara, na wateja wale wale waliosema nimeungua wakawa wananipongeza, "mama Nasra umependeza, mzee anakutunza". Hizo dawa unashuka nazo kidogo kidogo kwa ratiba, hukatishi ghafla hata ukijiona mzima, kwa sababu mwili unakuwa umeacha kutengeneza za kwake. Na hazifai kuwa dawa ya kudumu, mtu asikuweke humo miaka.

Za kudumu kwangu zilianza na sulfasalazini kwa sababu bei yake inabebeka. Hii dawa ina historia nzuri, ilitengenezwa na daktari mwanamke wa Sweden, Nanna Svartz, akilenga ugonjwa wa jointi, ikaonekana matumbo nayo yanapoa. Mkojo unakuwa wa chungwa, usishtuke, na unapewa foliki asidi pamoja nayo. Mwenye aleji ya salfa haigusi. Na kaka zangu mnaotafuta mtoto mwambieni dokta mapema, inapunguza mbegu za kiume ukiwa unaitumia, ukiacha zinarudi. Mimi ilinipa kichwa na kichefuchefu nikahamishiwa mesalazini, vidonge na ile ya maji ya kupitisha chini usiku. Ya chini watu wanaona aibu hata kuulizia, na sio kila famasi wanayo, lakini kwa ugonjwa uliokaa chini ndo inayofika kwenye tatizo lenyewe. Ukimaliza unalala kwa ubavu wa kushoto na huinuki. Mume wangu alijifunza kutonichekesha muda huo.

Siku moja goti liliuma, nikapita duka la dawa kununua ya kutuliza, nikapewa diklofena. Wiki haikuisha damu ikarudi. Dawa za familia hiyo, diklofena, ibuprofeni, zinaweza kuamsha utumbo wetu, sasa hivi nikiumwa chochote nasema mapema paracetamol tu, na kwenye simu nimeandika jina la ugonjwa wangu zima, sio neno moja, ili hata nikizimia njiani mtu akisoma aelewe.

Mume wangu alikuja kupatana na huu ugonjwa kwa njia ya mpira. Ni Man U damu. Siku anasoma kwenye simu akapiga kelele, "mama Nasra! Fletcher!" Darren Fletcher, yule kiungo wa Scotland, Desemba 2011 klabu ilitangaza anapumzika kwa sababu ya alsaretivu kolaitisi, mwaka 2013 akafanyiwa upasuaji, akarudi uwanjani, akaenda West Brom akawa kapteni. Basi tangu siku hiyo nikienda chooni sana ananiuliza "kapteni vipi hali?" Na Shinzo Abe wa Japan, alijiuzulu uwaziri mkuu mwaka 2007 na tena 2020, ugonjwa ule ule ndo ulimrudisha nyumbani. Mi hizo habari zilinisaidia kwa wifi kuliko kwangu, maana alikuwa bado anaamini nimelogwa na mwenye fremu ya pili, sasa na waziri mkuu wa Japan kamloga nani.

Chakula nitapita haraka kwa sababu kila mtu ana cha kwake. Ukiwa umelipuka, vyenye makapi mengi na pilipili vinaongeza adha, mimi nakaa na wali mweupe, viazi, ndizi, samaki, uji, na maji ya chumvi na sukari ya paketi. Ukitulia unakula kama watu, dona, mchicha, maharage, na usiache kula ovyo ovyo ukapungukiwa damu. Anayekuuzia unga wa kutibu kolaitisi moja kwa moja, muulize lile swali, ya nini? Kimya.

Binamu yangu wa Ukerewe yeye alikuja Dar na kuharisha damu, na mimi ndo niliyempeleka, nikiwa na hofu kwamba ni ya ukoo, maana hii IBD inaweza kutembea kwenye familia. Kwenye cheti, kolaitisi. Wakampima choo vizuri wakakuta mayai yenye kimwiba ubavuni, kichocho cha tumbo. Akapewa prazikwanteli kwa uzito wake, akaja kupimwa tena baadae, kazi ikaisha. Alinitazama na mfuko wangu wa dawa akaona haya kupona. Na shangazi alitibiwa saratani ya shingo ya kizazi kwa mionzi, saratani ikaondoka, mwaka ukapita akaanza kutoa damu nyuma, wakadhani imerudi, kumbe ni utumbo uliopita jirani na mionzi ukaungua. Familia moja, neno moja, na kabati ya dawa ya kila mtu ni tofauti.

Kitu kimoja sitaki mtu asubiri. Mwaka 1955 madaktari wawili wa Oxford, Truelove na Witts, waliweka vipimo vya kutambua mlipuko mkali na mpaka leo vinatumika: choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku, na juu yake homa, au moyo unaokimbia zaidi ya mapigo tisini, au damu iliyoshuka. Ukiwa hivyo, au tumbo limejaa limekakamaa, usinitumie picha, nenda hospitali usiku huo huo ukalazwe.

Mimi kwa sasa nimetulia, choo naenda kama binadamu, na fremu sijaihama. Ila ugonjwa ukifika miaka kama minane wanaanza kukuchungulia kwa kamera mara kwa mara hata kama huna dalili, kwa sababu utumbo uliovimba muda mrefu unaweza kuzaa saratani, na wakiiwahi inatolewa mapema. Nami ndo naingia huko, na bima haibebi kila kitu. Nikaomba mkopo kwenye kikoba, katibu akauliza wa nini, nikasema wa kamera. Ameandika kwenye daftari hivyo hivyo, na wiki hii wanawake watatu wameshaniuliza nitakuwa napiga passport kwa bei gani.